Roboti ya Chama Kwenye WhatsApp: Kabla ya Kulipa, Ulizeni Nani Ataitunza

Vyama vingi siku hizi vinaishi ndani ya WhatsApp. Mchango ukitumwa, picha ya meseji inabandikwa kwenye grupu. Mkutano ukisogezwa, habari iko huko. Msiba, harusi, karo, mbuzi aliyepotea, yote ni huko. Kwa hivyo hatushangai tunapoulizwa na wateja: "Kuna kijana wa kompyuta anataka kututengenezea roboti ya kukaa kwenye grupu letu na kuweka hesabu. Tumlipe?"

Jibu letu ni kwamba msitoe hata shilingi ya kujengewa kabla hamjajua nani ataitunza hiyo programu, kwa pesa ya nani, na kwa jina la nani. Na tunaongeza jambo ambalo pengine hamkulitarajia kutoka kwa watu wa malipo ya simu: vyama vingi vidogo havihitaji programu yao wenyewe hata kidogo.

Tuchukue Mukuyuni, kule Makueni kwenye maembe na ndengu. (Ukambani Mukuyuni si moja, Kitui pia iko. Mkuyu ukishakuwa mkubwa, watu wanaukutania, na mahali panapata jina.) Chukulia kikundi cha watu 24 pale sokoni: wauza maembe, wasusi wa vyondo, mwenye duka la mbegu, walimu wawili, mwendesha boda. Kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni 4,800 kila wiki, na kwa mwaka ni 249,600. Kwa watu kama hao si pesa ya kuchezea. Mweka hazina anaandika kwenye daftari, lakini amechoka kuulizwa saa nne usiku, "Mama, yangu umeiona?" Basi fundi anapokuja na simu yake na kuonyesha roboti inayojibu yenyewe, "Imepokelewa, salio lako ni 3,400," kila mtu anapiga makofi.

Makofi yanastahili. Kazi ni nzuri, na vijana wetu wanaijua. Shida ni kwamba siku ya maonyesho ndiyo siku rahisi kuliko zote.

Kwanza tuelewe roboti yenyewe inaingiaje. Kwenye Telegram mlango uko wazi tangu Juni 2015, kampuni hiyo ilipowaruhusu watu wa nje kutengeneza roboti kwa njia rasmi na kuziweka hata ndani ya magrupu. Kwenye WhatsApp mambo ni magumu kidogo. Mlango rasmi wa Meta ulifunguliwa 2018 kwa ajili ya biashara, na kwa miaka mingi ulikuwa wa kuongea na mteja mmoja mmoja. Ilikuwa haiwezekani kuupitia na kukaa ndani ya grupu la kawaida kama mwanachama. Sasa, chama kinataka roboti ndani ya grupu. Fundi anafanya nini? Wengi wanapitia dirishani. Wanachukua programu isiyo rasmi inayojifanya WhatsApp ya kwenye kompyuta, wanaiunganisha na laini ya simu kwa kuskani ule mraba wa nukta nyeusi, halafu roboti inasoma na kuandika kama vile ni mtu.

Inafanya kazi, ndiyo, mpaka siku inapogoma. Masharti ya WhatsApp yanakataza programu zisizo rasmi, ziwe hizo za roboti au zile za kubandika rangi na mapambo kama GBWhatsApp. Laini ikigunduliwa, inafungiwa. Kama ni laini ya mweka hazina, yeye ndiye atakayeamka asubuhi akiwa nje ya WhatsApp. Pesa yake kwenye simu haiguswi na kufungiwa huko, lakini mazungumzo yote ya kikundi yanakuwa yamemponyoka.

Kuna jambo kubwa zaidi. Aliyeskani ule mraba kwa simu ya mweka hazina hakupata grupu la chama peke yake. Amepata kila mazungumzo yaliyo kwenye simu hiyo, ya mume, ya daktari, ya watoto. Fungueni WhatsApp leo, muingie kwenye mipangilio, mtazame sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Mkiona kompyuta msiyoijua, iondoeni kwanza, maswali yafuate.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo tunapoona watu wakidanganyika zaidi.

Roboti nyingi za bei rahisi "zinathibitisha" malipo kwa kusoma maandishi. Mwanachama anabandika ile meseji ya kutuma pesa, roboti inatafuta jina, kiasi na tarehe, inaandika kwenye jedwali, imemaliza. Lakini meseji ni maneno tu. Mtu anaweza kuchukua ya mwezi jana, akabadilisha tarehe, akaongeza sifuri, akaibandika. Picha ya skrini nayo huhaririwa. Mweka hazina mwenye macho angeshtuka, kwa sababu anajua fulani huwa hana pesa kabla ya siku ya soko. Roboti haijui soko. Itasema asante na kumwongezea salio. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, kitabu cha roboti kinasema kuna pesa fulani na akaunti inasema nyingine, na hapo grupu la WhatsApp linageuka uwanja wa vita.

Wengine wanafanya ujanja mwingine: programu inawekwa kwenye simu ya mweka hazina na kupewa ruhusa ya kusoma meseji zote zinazoingia. Hiyo haidanganywi na meseji ya kubandika, ni kweli, ingawa meseji ya uongo inaweza kutumwa pia kutoka kwa laini ya mtu. Lakini programu inayosoma meseji zote inasoma na zile nambari za uthibitisho ambazo benki inakutumia unapoingia kwenye akaunti yako. Tunasema hapana. Fundi wa kikundi hana haja ya kuona hizo, hata kama ni mtoto wa dada yako.

Njia iliyo salama ni mfumo wa malipo wenyewe kuijulisha programu kwamba pesa imeingia, bila kupitia kwa mwanachama wala simu ya mtu. Kwa M-Pesa hiyo inafanywa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha Paybill au Till na programu za watu wengine. Pesa ikiingia, taarifa inatumwa kwenye seva ya kikundi papo hapo. Lakini hata huko mtunzaji anahitajika. Kuna mafundi walioandika programu zao zikimtambua mwanachama kwa nambari yake ya simu tu. Kisha, kwa ajili ya kulinda faragha ya mteja, nambari zikaanza kufika zikiwa zimefichwa kwa sehemu. Pesa ilikuwa inaingia vizuri kabisa, ila programu haikujua tena ni ya nani. Palipokuwa na fundi wa kurekebisha, aliwapa wanachama nambari zao za uanachama waziandike pale penye nambari ya akaunti wanapolipa. (Hata bila roboti yoyote, kama mna Paybill, fanyeni hivyo. Utatuzi wa mizozo unakuwa rahisi sana.)

Na kwa programu yoyote, ya bei ghali au ya bure: hakuna roboti inayohitaji nambari yenu ya siri ili kupokea pesa. Hakuna. Ikiiomba, mazungumzo yameisha.

Watu wa Ukambani hawahitaji kufundishwa utunzaji. Mwethya ni wa zamani kuliko simu: watu wanakusanyika, wanachimba mitaro, wanajenga ukuta wa bwawa la mchanga mtoni. Ukuta ukisimama kazi haijaisha. Mchanga unajaa kwa misimu kadhaa ya mvua, kingo zinahitaji kulindwa zisiliwe na maji, na kama kuna pampu, siku moja ngozi yake itaisha na mtu atahitajika na spana. Kamati ya maji inajua spana iko kwa nani. Kamati ya chama yenye roboti, ukiiuliza seva iko wapi, wanatazamana.

Programu inayoning'inia juu ya mtandao wa watu wengine inaharibika hata kama hakuna aliyeigusa, kwa sababu chini yake mambo yanasogea. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Nokia za mfumo wa S40 mwishoni mwa 2018. Oktoba 2023 ikaanza kudai Android 5.0 kwenda juu. Wale walionunua simu ndogo za KaiOS kama Nokia 8110 kwa ajili ya WhatsApp walikuta Juni 2024 haipakuliwi tena, na mwanzoni mwa 2025 ikazimika kabisa. Kila tarehe kama hiyo, kuna mwanachama fulani aliyetoka kwenye grupu bila kugombana na mtu. Bei nazo zinasogea: tangu Julai 1, 2025, Meta inatoza kwenye mlango wake rasmi kwa kila ujumbe ulioandaliwa, mfano ule wa kukumbusha "leo ni siku ya mchango", mahali ambapo zamani ilihesabu mazungumzo ya saa 24. Aliyepanga bajeti ya kikundi kwa hesabu ya zamani ilibidi apange upya.

Hata wenye nguvu wanashindwa kutunza. Mwaka 2018 Safaricom yenyewe ilizindua Bonga, programu ya kuchati na kutumiana pesa mahali pamoja. Kampuni hiyo haikukosa wahandisi wala wateja. Bonga haikudumu. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Tunasema ili kikundi cha Mukuyuni kisidhani kitafaulu kwa fundi mmoja anayefanya kazi jioni baada ya kibarua chake.

Kuhusu jina la nani, kuna kisa cha mbali kinachofaa kusimuliwa. Kabla ya WhatsApp, tangu 1988, watu wa kompyuta duniani walikuwa wakichati kwenye mfumo unaoitwa IRC, ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen kule Finland. Mtandao mmoja mkubwa wa IRC uliitwa Freenode. Ulikuwa unaendeshwa na watu wa kujitolea: walitunza seva, wakatunza programu maalumu ya kuandikisha majina, ili mtu akiwa na jina lake hakuna mwingine wa kulichukua. Kazi yote ilikuwa yao. Lakini ulipozuka ubishi kuhusu nani mwenye mtandao kisheria, wao ndio walioondoka. Mei 19, 2021 walijiuzulu kwa pamoja na kufungua mtandao mpya, Libera.Chat. Mwezi uliofuata Freenode ilihamia kwenye programu nyingine, na yale majina na vyumba vilivyoandikishwa kwa miaka mingi havikuhamishwa. Watu waliokuwa na jina lao pale kwa zaidi ya mwongo mmoja waliamka wageni.

Hao walikuwa wataalamu wa programu. Walijua kila kitu kuhusu seva. Kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao ni umiliki.

Rudini Mukuyuni. Laini ya roboti imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Jedwali la michango liko kwenye akaunti ya Google ya nani? Seva inalipiwa kwa kadi ya nani? Ombi la Paybill lilijazwa kwa jina la kikundi, au kwa jina la fundi "kwa sababu yeye ndiye anajua mambo ya mtandao"? Mara nyingi jibu la yote manne ni mtu mmoja, kijana mzuri, mwaminifu, ambaye mwezi ujao anaweza kupata kazi Nairobi au Qatar. Hajaiba kitu. Amebadilisha laini tu, na chama kimepoteza kitabu chake.

Kikundi kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Uandikishaji wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kina jina lake, katiba yake na viongozi wanaojulikana. Basi mali yake iwe kwa jina hilo, na laini ya roboti ni mali, na orodha ya wanachama ni mali. Orodha hiyo, yenye majina, nambari za vitambulisho na simu, pia inalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Aliye nayo kwenye kompyuta yake amebeba wajibu, hata kama aliipewa kirafiki kwa WhatsApp. Mwanachama ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumiwaje na kutaka kosa lirekebishwe, na akipuuzwa, iko ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko.

Sasa tunarudi kwa lile tulilosema mwanzoni, kwamba wengi hawahitaji. Watu 24 ni mistari 24 kwa wiki. Katibu mmoja anaijaza kwa dakika ishirini, kwenye daftari au jedwali la kawaida la kompyuta. Kisha mweka hazina anasoma kwa sauti kwenye mkutano, jina na kiasi, na taarifa ya akaunti iko mezani kila mtu aione. Huo usomaji wa kwa sauti ni ukaguzi ambao hakuna roboti tuliyoiona inaweza kuufanya, kwa sababu mwenye jina yuko hapo na anaweza kusema, "Hapana, mimi nilitoa mia nne." Na bibi mwenye kabambe anashiriki sawa na mwalimu mwenye simu ya skrini kubwa. Kwenye mfumo wa roboti, huyo bibi anabaki kuulizia jirani.

Mradi wa maji wenye nyumba 300, au ushirika wa maembe unaolipa wakulima kila siku wakati wa msimu, hiyo ni hadithi nyingine. Huko daftari linazidiwa, makosa yanaongezeka, na programu inajilipa. Hao tunawaambia: jengeni, lakini gawanyeni malipo. Kiasi cha kujenga kiwe kimoja, na cha kutunza kiwe kingine cha kila mwezi, kilichoandikwa kwenye bajeti kama mnavyoandika kodi ya ofisi. Tukirudi kwa hesabu ya kikundi chetu cha 24, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa mwezi ni 480 tu. Je, 480 inatosha seva, bando, na muda wa fundi? Haitoshi, na ndiyo maana tunawaambia wadogo wakae na daftari. Nyumba 300 kwa shilingi 20 ni 6,000, na hapo mnaweza kuongea na mtu akawachukulia kwa uzito.

Fundi mwenyewe, kama unasoma hapa, hatuko kinyume chako. Kinachokuumiza ni ule mkataba wa mdomo wa "tutengenezee tu, tutakuita". Unalipwa mara moja na unaitwa miaka mitatu, usiku, bure, na siku unapochoka kujibu unaitwa mwizi. Dai malipo ya utunzaji mapema. Andika kwenye karatasi mbili namna ya kuiwasha, kuizima na kutoa nakala ya michango, halafu mfundishe mtu wa pili kikundini. Nakala itolewe kila mwezi, kwa faili ambalo kompyuta yoyote inafungua, ikae kwa katibu. Na mkishamaliza kujenga, izimeni wiki nzima makusudi, mwone kama mkutano unaendelea. Kama michango ya wiki hiyo haikuandikwa popote, basi bado hamjawa tayari, na ni bora mjue sasa kuliko Desemba siku ya kugawana.

Malipo ya mwisho ya fundi yashikiliwe mpaka laini ya roboti iwe imehamishwa kutoka kitambulisho chake hadi jina la kikundi au la kiongozi mliyemchagua, na nenosiri la seva libadilishwe mbele ya watu watatu.